Mtaa Huku, Kibla Kule: Jinsi ya Kuusoma Mtaa wa al-Muizz, Kairo

Mwaka 969 jemadari Jawhar alipoupanga mji mpya wa Kairo kwa niaba ya khalifa wa Kifatimiya (nasaba ya Kishia), al-Muizz li-Din Allah, aliufuata mfereji. Khalij, uliochota maji ya Nile, ulipita magharibi ya uwanja aliouchagua, na kuta za mji zikalazwa sambamba nao. Barabara kuu iliyoukata mji katikati, ndiyo Mtaa wa al-Muizz wa leo, kutoka lango la kaskazini hadi la kusini, nayo ikashika mwelekeo huohuo: kaskazini inaegemea mashariki kidogo, kusini inaegemea magharibi. Makka, kwa mtu aliyeko Kairo, iko kusini-mashariki. Ukuta wa kibla na ukingo wa barabara havikulingana tangu siku ya kwanza, na kwa miaka zaidi ya elfu moja kila aliyejenga msikiti, madrasa au kaburi lake hapo amelazimika kuupatanisha mstari wa mtaa na mstari wa ibada. Khalij ulifukiwa mwishoni mwa karne ya 19 na leo ni barabara ya magari iitwayo Port Said. Pembe uliyoiacha imebaki ndani ya kuta.

Wageni wengi wa Mtaa wa al-Muizz huenda wakitazama juu, kwenye minara, na hawana makosa, minara ni mizuri mno. Lakini anayetaka kujua kwa nini majengo haya yako kama yalivyo aanze na unene wa ukuta. Ingia ndani, simama kwenye kidaka cha dirisha linalotazama mtaani, kisha linganisha kina cha dirisha hilo na la jirani yake. Ukikuta kina kinaongezeka dirisha kwa dirisha, umekuta mahali fundi alipoizika pembe: uso wa nje umeufuata mtaa, uso wa ndani umeifuata kibla, na kipande cha pembetatu kilichobaki katikati kikajazwa mawe, ngazi, kabati au chumba kidogo.

Urefu kutoka Bab al-Futuh kaskazini hadi Bab Zuwayla kusini ni kama kilomita moja na nusu. Mwenye haraka ataimaliza kwa dakika ishirini. Anayetaka kuingia ndani ya majengo atenge siku mbili, ya kwanza hadi soko la Khan al-Khalili na ya pili kuanzia barabara ya al-Azhar kwenda kusini. Njia rahisi ya kufika ni metro, laini ya tatu, kituo cha Bab al-Shariya, kisha kutembea kuelekea mashariki hadi ukuta wa kaskazini. Anza kaskazini, kwa sababu hivyo utakutana na majengo ya Wafatimiya mapema na kuelewa yale ya Mamluki, watawala waliokuja baadaye, yaliyojengwa juu ya mabaki ya majumba yao.

Jua nalo lina zamu. Majengo makubwa ya masultani Qalawun, al-Nasir Muhammad na Barquq yako upande wa magharibi wa mtaa, nyuso zao zinatazama mashariki, na nakshi zake huonekana vizuri asubuhi. Msikiti wa al-Aqmar uko upande wa pili. Uufikie alasiri, jua linapoukata uso wake kwa ubavu na kila mchoro ukatoa kivuli. Adhuhuri mwanga unatoka juu moja kwa moja na mawe yote huonekana bapa. Misikiti haina kiingilio, ila usiingie kutembea wakati wa sala, na Ijumaa saa za adhuhuri acha kabisa. Majengo mengine yana tikiti. Uliza kwenye jengo la Qalawun kama ipo tikiti ya pamoja, na uwe na kadi ya benki maana vibanda vingi havipokei fedha taslimu kwa wageni. Beba noti ndogo pia. Mara nyingi ufunguo wa ngazi ya mnara au wa chumba kilichofungwa uko kwa mlinzi, na bahashishi ni desturi ya mahali, haina aibu kwa anayetoa wala anayepokea.

Bab al-Futuh na jirani yake Bab al-Nasr zilijengwa mwaka 1087 na waziri Badr al-Jamali, Muarmenia aliyeletwa kuuokoa utawala wa Wafatimiya uliokuwa umechoshwa na njaa na maasi. Kuta za kwanza za Jawhar zilikuwa za matofali ya udongo. Badr akajenga za mawe, na akausogeza ukuta kaskazini kidogo ili mji uongezeke. Sogea karibu na sehemu za chini za ukuta utafute duara za mawe zilizopangwa kwa mstari. Hizo ni ncha za nguzo za kale zilizolazwa ubavu, zikapita unene wa ukuta kutoka nje hadi ndani. Kazi yake ni kuushona ukuta, ili adui akichimbua mawe ya uso, kiini kisimwagike. Ndani yake yako pia mawe yenye maandishi ya Misri ya Mafirauni, yaliyotolewa kwenye majengo ya zamani. Minara ya Bab al-Futuh ina mviringo, ya Bab al-Nasr ni ya mraba yenye ngao zilizochongwa, na juu yake wanajeshi wa Napoleon waliandika majina ya maofisa wao walipoiteka Kairo mwaka 1798.

Ukiingia tu Bab al-Futuh, kushoto kwako uko Msikiti wa al-Hakim, ulioanzwa mwaka 990 na khalifa al-Aziz na kukamilishwa na mwanawe al-Hakim mwaka 1013. Huu hauna pembe ya kuficha. Ulijengwa nje ya ukuta wa Jawhar, penye nafasi, kwa hiyo uliweza kuelekea kibla bila kubishana na mtu. Ukuta wa Badr ndio uliokuja baadaye kuukumbatia. Tazama minara yake miwili: sehemu za chini zimevikwa maboma mazito ya mawe, na vichwa vyake ni vya zama nyingine kabisa. Tetemeko la mwaka 1303 liliviangusha vya awali na amiri Baybars al-Jashankir akajenga vipya. Kwa karne nyingi msikiti huu ulitumika vibaya, mara gereza la mateka wa vita vya msalaba, mara ngome ya Wafaransa, na mwishoni mwa karne ya 19 ghala la vitu vya makumbusho.

Waliourudishia sala ni Mabohora. Jamaa hawa, ambao wakazi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam wanawafahamu vizuri, wanawahesabu maimamu wa Kifatimiya kuwa viongozi wao wa kiroho, na chini ya Syedna Mohammed Burhanuddin waliukarabati msikiti huu hadi ukafunguliwa upya mwaka 1980. Wataalamu wa uhifadhi wamewalaumu: marumaru nyeupe inayong'aa uani, sehemu nyingi zilizojengwa upya badala ya kuhifadhiwa, mpaka ni vigumu kwa mgeni kutenganisha jiwe la karne ya 11 na la karne ya 20. Lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo magofu yale yalikuwa yanaelekea kupotea, na leo watoto wanacheza kwenye ua ule na watu wanasali. Kwa msikiti, hilo lina uzito wake.

Msikiti wa Sulayman Agha al-Silahdar, wa miaka ya 1830, utaujua kwa mnara mwembamba wa Kituruki. Tazama kisha endelea. Ingia badala yake uchochoro wa Darb al-Asfar, kushoto, hadi Bayt al-Suhaymi, nyumba ya mfanyabiashara iliyoanzwa mwaka 1648 na kupanuliwa mwaka 1796. Hapa ndipo pa kujifunza jinsi Kairo ilivyopoza nyumba bila umeme. Njia ya kuingilia imepinda ili mpita njia asione ndani. Katikati kuna ua, nyuma kuna bustani, na kati ya hivyo viwili kuna baraza lililo wazi pande zote mbili, takhtabush. Upande mmoja hupata joto kuliko mwingine, na hewa huvutwa kutoka penye ubaridi kwenda penye joto kupitia barazani. Juu ya paa kuna mdomo wa kunasia upepo wa kaskazini, malqaf, unaoushusha ndani ya ukumbi. Mashrabiya, yale madirisha ya kimiani ya mbao, yameunganishwa kwa vipande vidogo vinavyoshikana bila misumari, maana mbao hutanuka na kusinyaa kwa joto na ubao mmoja mpana ungepasuka.

Sasa al-Aqmar. Msikiti huu mdogo ulijengwa mwaka 1125 na waziri al-Ma'mun al-Bata'ihi kando ya kasri kuu la mashariki, na ndio wa kwanza Kairo ambamo fundi alikubali waziwazi kwamba kuna mistari miwili. Uso wake umelala sawasawa na mtaa. Ukiingia, ua na safu za nguzo zimegeuka kuelekea kibla. Kati ya hivyo viwili kuna ukuta unaoanza mwembamba upande mmoja na kunenepa kuelekea mwingine, na ndani ya unene huo vimetiwa vyumba na ngazi. Wajenzi wote waliofuata kwenye mtaa huu walirudia hesabu hiyo.

Uso wenyewe unastahili nusu saa. Hapa jiwe lilipata nakshi ambazo kabla yake zilikuwa za plasta na mbao. Juu ya mlango kuna tao lenye mifuo inayotawanyika kama miale kutoka kwenye duara la katikati, na ndani ya duara yamechongwa majina ya Muhammad na Ali, yakizungukwa na aya ya 33 ya sura ya al-Ahzab inayotaja Ahlul Bayt. Hilo ni tangazo la madhehebu lililowekwa mahali ambapo kila mpita njia lazima alione. Pembeni kuna vidaka vya muqarnas, vile vijumba vidogo vinavyopandiana, miongoni mwa vya mwanzo kuonekana kwenye uso wa jengo la Kairo. Pembe ya kushoto imekatwa ili mnyama aliyebeba mzigo apinde kona bila kukwaruza. Nusu ya kulia ya uso ni mpya, imeigizwa kutoka ya kushoto katika ukarabati wa Mabohora wa miaka ya 1990, kwa hiyo ukitaka kuona mkono wa karne ya 12 baki kushoto. Utaona pia kwamba sakafu iko chini ya mtaa. Mtaa ndio uliopanda, kwa vifusi na udongo wa karne tisa.

Mbele kidogo mtaa unagawanyika mara mbili, na kwenye panda pamesimama sabili, nyumba ya kugawia maji, ya Abd al-Rahman Katkhuda ya mwaka 1744. Chini ya ardhi kuna birika. Wakati wa mafuriko ya Nile, mwishoni mwa kiangazi, maji yalipokuwa mengi na Khalij ukijaa, wachukuzi walileta maji kwa viriba vya ngozi juu ya ngamia na kulijaza. Mwaka mzima uliofuata mhudumu alivuta maji kwa ndoo kupitia tundu la birika, akayaacha yapite kwenye marumaru ili yapoe na uchafu utuame, kisha akawapa wapita njia kwa vikombe kupitia madirisha ya chuma yaliyo pande tatu. Ghorofa ya juu, iliyo wazi kwa upepo, ni chuo cha watoto, na wengi wao walikuwa mayatima wanaofundishwa Qur'ani.

Nani aliyalipia yote hayo? Wakfu. Mwenye kujenga aliandika hati akaweka maduka, hamamu, mashamba au nyumba za kupanga, na kodi yake ikatajwa itumike vipi: kiasi fulani kwa imamu, mwalimu, mafuta ya taa, mikeka, nguo za watoto, matengenezo. Ndiyo maana biashara na ibada zimeshikamana sana kwenye mtaa huu. Duka lililo chini ya madrasa ndilo lililoilisha madrasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, aliichukua serikalini sehemu kubwa ya ardhi za wakfu, na majengo mengi yakabaki bila fedha ya kuziba hata ufa. Mwaka 1881 iliundwa kamati ya kuhifadhi majengo ya Kiarabu, ambayo iliyaorodhesha na kuyapa namba. Vibao vidogo vya namba hizo bado viko ukutani: al-Aqmar ni 33, Qalawun ni 43, Bab Zuwayla ni 199. Ukipotea, namba ni msaada kuliko jina, kwa sababu jengo moja huweza kuwa na majina matatu.

Kutoka hapo unaingia Bayn al-Qasrayn, uliokuwa uwanja wa gwaride kati ya makasri mawili ya Wafatimiya. Makasri yametoweka. Salah al-Din alipoumaliza utawala wao mwaka 1171 alifungua mji huu wa kifalme kwa umma, na polepole makasri yakabomolewa, mawe yake yakapanda kwenye kuta za wengine. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyekaa Misri mwishoni mwa miaka ya 1040, aliyaona makasri hayo yakiwa hai; na kule Fustat, mji mkongwe wa kusini, aliona sokoni pembe za ndovu zilizotoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Biashara hiyo ilikuwa na njia mbili: mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na miongoni mwa dinari hizo zimo za Wafatimiya.

Upande wa mashariki kuna madrasa ya sultani al-Salih Najm al-Din Ayyub, ya miaka ya 1242 hadi 1244, ya kwanza Misri kuyakusanya madhehebu manne ya Sunni chini ya paa moja. Mwanahistoria Ibn Khaldun alipoteuliwa kadhi wa Maliki mwaka 1384 alikaa kuamua kesi humo. Al-Salih alipofariki, mkewe Shajar al-Durr alimjengea kaburi ubavuni mwa madrasa, mwaka 1250, na kuanzia hapo kila sultani alitaka kulala karibu na madrasa yake mwenyewe, kandokando ya mtaa, ili wapita njia wamsomee Fatiha.

Sasa fikiria tatizo hilo kwa aliye upande wa magharibi. Kibla iko kusini-mashariki, maana yake iko upande wa mtaa. Anayesali kwenye kaburi la Qalawun au kwenye madrasa ya al-Nasir ameuelekea mtaa. Mihrabu imechimbwa kwenye ukuta uleule wa mbele. Mafundi wakalifanya hilo faida: kulia na kushoto ya mihrabu wakaweka madirisha makubwa yenye nondo, wasomaji wa Qur'ani wakakaa kwenye vidaka vyake, sauti ikatoka nje. Upande wa mashariki wa mtaa hilo haliwezekani, kwa sababu kibla iko nyuma ya jengo. Ukisimama katikati ya Bayn al-Qasrayn na kugeuka pande zote mbili, tofauti hii utaiona mara moja kwenye mpangilio wa madirisha.

Jengo la Qalawun lilijengwa kwa muda mfupi wa kushangaza, mwaka 1284 na 1285: hospitali, madrasa na kaburi. Msimamizi, amiri Sanjar al-Shuja'i, alifika mahali pa kuwakamata wapita njia na kuwatia kazini, na nguzo akazing'oa kwenye ngome ya al-Salih katika kisiwa cha Rawda. Mwanahistoria al-Maqrizi ameandika kwamba wapo wanazuoni waliokataa kusali humo kwa sababu ya dhuluma hiyo. Ni vema kulijua hilo unapoingia, kwa maana ndani ni pazuri kiasi cha kumsahaulisha mtu. Nguzo nne kubwa za mawe na nne za itale zimeshika kuba kwa pembe nane, mpango unaokumbusha Qubbat al-Sakhra ya Baitul Muqaddas. Kuba unayoiona ni ya mwaka 1903, kazi ya mhandisi wa kamati, Max Herz. Ya awali iliondolewa karne ya 18. Kuta za chini zimevikwa marumaru na lulumizi. Subiri macho yazoee giza, kama dakika tano, ndipo rangi zitakapotoka.

Hospitali, maristani, ilipokea maskini na tajiri, mwanamume na mwanamke, na iliendelea na kazi hadi karne ya 19. Ibn Battuta, aliyepita Kairo mwaka 1326, miaka michache kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, aliandika kwamba uzuri wake unamshinda mwenye kuueleza. Kilichobaki ni vipande nyuma ya jengo, na hospitali ya macho inaendelea kufanya kazi kwenye eneo hilohilo.

Mlango wa jirani, wa madrasa ya al-Nasir Muhammad, usiupite. Ni lango la marumaru la kanisa la Akka, mji uliochukuliwa kwa wapiganaji wa msalaba mwaka 1291. Lilivunjwa vipande, likasafirishwa na kuunganishwa hapa. Nguzo zake nyembambanyembamba na tao lake la ncha kali ni za Ulaya tupu. Madrasa ya Barquq, ya mwaka 1384 hadi 1386, imepakana nayo upande wa kaskazini, na milango yake ya mbao iliyovikwa shaba yenye nyota ni ya kutazama kwa karibu bila kugusa.

Hapa Bayn al-Qasrayn pia ndipo ugonjwa wa mtaa unapoonekana wazi. Tazama mita mbili za chini za ukuta wowote ambao haujakarabatiwa karibuni: jiwe limepauka, limevimba, linachubuka kwa magamba, na ukipitisha kidole linatoka unga. Jiwe ni chokaa ya kilima cha Muqattam, lenye vinyweleo vingi. Chini yake maji ya ardhini yamepanda kwa sababu mabomba ya maji safi na ya maji taka ya mji wenye msongamano yanavuja. Maji hupanda ndani ya jiwe kwa vinyweleo, yakibeba chumvi. Yakifika usoni hukauka kwa jua la Kairo, chumvi inabaki, inaganda kuwa fuwele nyuma kidogo ya uso, na fuwele zinapokua hulisukuma jiwe kutoka ndani. Kila mzunguko wa unyevu na ukavu unaondoa safu nyingine.

Kosa kubwa la karne ya 20 lilikuwa saruji. Fundi aliona ukuta unameguka, akaupaka saruji ngumu, ukaonekana umepona. Lakini saruji haipumui. Maji yaliyokuwa yakitoka mita moja kutoka chini yakazuiwa, yakapanda hadi mita mbili au tatu, yakatokea kwenye mawe ambayo hapo awali yalikuwa salama. Saruji yenyewe huongeza chumvi zake, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe, jengo likitikisika jiwe ndilo linalopasuka. Tetemeko la tarehe 12 Oktoba 1992 lilionyesha hayo kwa uchungu.

Mpango wa ukarabati ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulibidi uanze chini ya ardhi, kwa mabomba na mitaro, kabla ya kugusa jiwe. Utaratibu ulio sahihi ni huu. Kwanza zuia maji. Pili bandua saruji yote, kwa mkono na patasi, maana mashine hutikisa mawe. Tatu acha ukuta ukauke, miezi kadhaa ikibidi. Nne vuta chumvi: rojo la karatasi iliyosagwa na maji yasiyo na chumvi hupakwa ukutani, huachwa likauke, huondolewa pamoja na chumvi iliyonyonywa, na kazi hurudiwa mpaka kipimo kishuke. Ndipo mawe yaliyokufa kabisa hubadilishwa, hayo tu, na viungo hujazwa udongo wa chokaa: kwa kawaida sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa mbili na nusu hadi tatu za mchanga, pamoja na unga wa matofali ili ushike hata penye unyevu. Hunyunyiziwa maji na kufunikwa magunia kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa ikikauka upesi hubaki unga. Atakayeruka hatua ya tatu au ya nne ataona magamba yakirudi baada ya misimu michache.

Wenye nyumba za mawe Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja wanaujua ugonjwa huu. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua vilevile, na lipu ya saruji iliyopakwa kwa nia njema hufanya madhara yaleyale: unyevu unapanda hadi kwenye vichwa vya boriti, vinaoza, dari inashuka. Dawa ni ileile ya Kairo.

Tangu mwaka 2008 magari yamezuiwa sehemu ya kaskazini ya mtaa, ingawa pikipiki na mikokoteni hupenya, tembea pembeni. Baada ya Khan al-Khalili na msikiti wa Barsbay, sultani aliyeihodhi biashara ya viungo iliyopita Bahari ya Shamu, barabara ya al-Azhar inaukata mtaa vipande viwili. Usijaribu kuivuka katikati ya magari. Tumia njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu.

Ng'ambo unaingia al-Ghuriyya. Sultani Qansuh al-Ghuri alijenga pande zote mbili za mtaa, kati ya mwaka 1503 na 1505: madrasa magharibi, kaburi mashariki, na katikati soko la hariri lililoezekwa mbao, kodi yake ikiingia wakfu. Kuba ya kaburi lake, iliyovikwa vigae vya buluu, ilipasuka yeye akiwa hai. Ilibomolewa, ikajengwa upya, haikutulia, na mwaka 1860 ikaondolewa. Leo juu kuna paa bapa la mbao. Hata mwili wake haukufika humo. Alikufa vitani Marj Dabiq mwaka 1516 akipigana na Waothmani na hakuonekana tena. Aliyezikwa hapo ni mrithi wake Tumanbay, aliyenyongwa Bab Zuwayla mwezi Aprili 1517.

Kusini zaidi maduka yanabadilika kuwa ya nguo na vyombo vya kila siku, na watalii wanapungua. Msikiti wa sultani al-Mu'ayyad Shaykh, wa mwaka 1415 hadi 1421, umesimama mahali palipokuwa gereza ambalo yeye mwenyewe alifungwa. Alikuwa ameweka nadhiri akitoka salama apageuze pahali pa elimu. Milango yake mikubwa ya shaba ilitoka madrasa ya Sultan Hasan, kitendo kilicholaumiwa tangu enzi zake kwa kuwa mali ya wakfu haihamishwi. Minara yake miwili haina msingi wake yenyewe: imepandishwa juu ya minara ya lango la Bab Zuwayla, ambayo Badr al-Jamali aliijenga mwaka 1092, na juu ya milango ya minara ya msikiti fundi Muhammad ibn al-Qazzaz ameacha jina lake, jambo adimu kwa wajenzi wa zama hizo. Ngazi za kupanda ni nyembamba na zenye giza. Vaa viatu vinavyoshika, acha mkoba chini, na mpishe anayeshuka.

Nje ya lango, ng'ambo ya barabara, uko msikiti wa al-Salih Tala'i wa mwaka 1160. Ulijengwa juu ya safu ya maduka, na maduka hayo sasa yako shimoni, kama mita mbili chini ya mtaa, kipimo bora kuliko vyote cha jinsi ardhi ya Kairo ilivyopanda. Pembeni yake linaanza soko la Khayamiyya, lililoezekwa, la karne ya 17, ambako wanaume hukaa wakishona vitambaa vya mahema kwa mkono. Ukitaka kununua, geuza kitambaa. Kazi ya mkono ina turubai nzito ya pamba nyuma, mishono midogo isiyolingana sana, na kingo za kila kipande zimekunjwa ndani. Kilichochapishwa kwa mashine hakina mshono nyuma, na bei yake haistahili kufika hata robo. Muulize mshonaji kazi ile ilimchukua siku ngapi kabla hujataja bei yako.